Nani Atakesha na Farasi?

Ukisimama ufukweni Mbamba Bay asubuhi isiyo na utusitusi, unaiona milima ya Malawi ng'ambo ya maji. Chini ya milima ile, kusini kidogo ya Nkhata Bay, kuna mahali panaitwa Kande, na Kande kuna farasi. Wageni hupanda asubuhi, wakapita vichakani na kando ya mashamba ya mihogo, na mwisho wa matembezi matandiko huvuliwa, mpandaji na mnyama wakaingia ziwani pamoja mpaka kwato zinaachana na mchanga na farasi anaanza kuogelea. Ziwa ni hilihili letu. Usipa wanaokimbia mbele ya farasi wale ni ndugu wa usipa wanaoanikwa Liuli. Lakini upande wetu, kuanzia Lituhi hadi Chiwindi mpakani na Msumbiji, sijapata kuona hata alama ya kwato za farasi.

Hapa Songea mtu anaweza kuzeeka akiwa amemwona farasi kwenye televisheni na kwenye vitabu vya shule tu. Aliyeishi Dar es Salaam huenda amewaona wale wa Kikosi cha Polisi cha Mbwa na Farasi wakiwa nje ya uwanja siku ya mechi kubwa, umati ukiwapisha kwa adabu ambayo askari wa miguu haipati. Zaidi ya hapo farasi kwetu ni mnyama wa hadithi, wa wafalme na majini.

Ndiyo maana kijana mmoja wa mjini, mwenye ndoto za kuendesha utalii, aliponiuliza kwa nini Wilaya ya Nyasa isifanye kama Kande, ilete farasi, wageni wapige kambi ufukweni na wanyama wao kando ya mahema, jibu lililonijia mdomoni lilikuwa kwamba haiwezekani. Nikalimeza. Kande inawezekana, na Kande haiko mbinguni. Ikabidi nilitafakari swali lenyewe kwa utulivu, na kadiri nilivyolitafakari ndivyo nilivyoona kwamba la kuuliza si kama farasi anaweza kulala kando ya Nyasa. La kuuliza ni nani atakuwa macho wakati farasi huyo amelala.

Nianze na wanaomkosesha usingizi. Wa kwanza ni mbung'o, ambaye hunyonya damu mchana na kuacha mwilini vijidudu vya trypanosoma. Ng'ombe aliyeambukizwa hukonda hadi mbavu zikahesabika. Farasi hudhoofika haraka zaidi, na bila tiba hufa. Daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, ndiye aliyeviona vijidudu hivyo kwenye damu ya ng'ombe wagonjwa huko Zululand katikati ya miaka ya 1890 na kuthibitisha kwamba mbung'o ndiye anayevibeba.

Inanipendeza kwamba ilikuwa Zululand, kwa sababu upande huohuo ndiko ilikoanzia safari ya Wangoni walioufanya mji huu kuwa wao. Zwangendaba aliuvuka mto Zambezi na watu wake Novemba 1835, siku jua lilipopatwa, na mwendo wote ule, mwaka baada ya mwaka, ulikwenda kwa miguu huku ng'ombe wakiswagwa. Hawakuwa na hadubini ya Bruce, ila wafugaji wa bara hili walikuwa wakijua tangu zamani bonde lipi linapitwa usiku, mbung'o akiwa ametulia, na lipi linazungukwa kabisa. Jeshi la Wangoni halikuwa na farasi hata mmoja. Hata hivyo lilitosha kuwafanya watu wa mwambao wakimbilie mwambani: Liuli hadi leo wenyeji watakuonyesha jiwe kubwa la Pomonda, walikojificha wazee wao Wangoni waliposhuka kutoka milimani. Wajerumani nao walipolitazama jiwe lilelile waliona sanamu ya Misri, wakaiita bandari yao Sphinxhafen. Kila mtu huona cha kwao.

Wa pili ni usubi. Huyu ni mdogo kiasi kwamba unamhisi kabla ya kumwona, na kazi yake huanza jua linapozama. Usubi ndiye anayesambaza tauni ya farasi ya Afrika, ugonjwa wa virusi unaojaza mapafu maji. Farasi ambaye hajawahi kukutana nao, akiupata, ana nafasi ndogo sana ya kupona. Mara nyingi kati ya farasi kumi wageni hupona mmoja, au asipone yeyote. Chanjo ipo. Taasisi ya Onderstepoort karibu na Pretoria, iliyoanzishwa mwaka 1908 chini ya Arnold Theiler, imefanya kazi ya chanjo hiyo kwa miongo mingi. Lakini virusi vyenyewe vina aina tisa, na mtunza farasi mwenye akili haitegemei sindano peke yake. Huwaingiza wanyama bandani kabla ya magharibi na kuwatoa jua likishapanda.

Hebu sasa uitazame tena ile picha aliyokuwa nayo kijana wangu: jua linazama nyuma ya milima ya Malawi, maji yamekuwa mekundu, hema limesimama, moto unawaka, farasi amefungwa kando ya maji akila nyasi mbichi. Hakuna saa mbaya kwa farasi kuliko hiyo, wala mahali pabaya kuliko hapo. Uzuri wote wa picha ile umepangwa mahali ambapo usubi hupata chakula chake cha jioni.

Na bado kuna wa ukoo wa farasi ambao mbung'o na usubi hawawaangushi. Pundamilia wa Selous na wa mapori ya Ruvuma huvibeba virusi vya tauni ile bila kuugua. Kuhusu mistari yao, mwanabayolojia Tim Caro, aliyefanya utafiti miaka mingi Katavi, alifanya jaribio na wenzake Uingereza lililochapishwa mwaka 2019: waliwavalisha farasi mavazi yenye mistari ya pundamilia wakahesabu nzi. Nzi waliruka karibu nao kama kawaida, lakini mara nyingi wakashindwa kutua. Ni nadra pundamilia kukubali tandiko, na sioni sababu ya kumlaumu. Mwenye kinga yake mwenyewe hahitaji bwana wa kumjengea banda.

Waliojaribu kupita nchi hii na wanyama wa kupanda na kubebesha mizigo hawakuwa wachache, na kisa kinachotuhusu zaidi ni cha Livingstone, kwa kuwa kilipita kwenye mto wetu. Machi 1866 aliondoka Zanzibar akashukia Mikindani, akafuata bonde la Ruvuma kwenda Nyasa. Alikuwa na ngamia sita, nyati wa India watatu na ndama mmoja, baghala wawili na punda wanne. Wanyama wale walikuwa jaribio: alitaka kujua ni yupi atakayehimili mbung'o, ili siku moja mizigo ya biashara ibebwe na mnyama badala ya mtumwa. Wazo zuri. Wakaanza kufa mmoja baada ya mwingine.

Kilichonishika katika kisa hiki ni kwamba jaribio lilikosa jibu. Wanyama wale walikabidhiwa kwa askari wa Kihindi kutoka Bombay, nao waliwabebesha kupita kiasi, wakawapiga, wakawaacha na vidonda vya matandiko vilivyooza. Livingstone mwenyewe alishindwa kusema kwa hakika nani ameua, mbung'o au fimbo. Alipofika ziwani Agosti 1866, upande ambao leo ni Msumbiji, alifika kwa miguu yake. Kipindi chote cha bonde la Ruvuma bwana mkubwa alikuwa na mawazo makubwa juu ya wanyama, na kila jioni aliyepaswa kuosha migongo yao alikuwa mtu mwingine.

Miaka mitano baadaye Stanley aliondoka Bagamoyo kumtafuta huyohuyo Livingstone, naye akiwa na farasi wawili: mmoja wa kijivu, zawadi ya Sayyid Barghash, na mwingine mwekundu aliyeletwa kutoka Rasi ya Tumaini Jema, zawadi ya mfanyabiashara Mmarekani wa Zanzibar. Wote wawili walimfia kambini Kingaru, bara kidogo tu kutoka pwani, ndani ya muda mfupi sana. Yule wa kwanza Stanley alimzika kwa heshima karibu na kambi. Jumbe wa Kingaru akaja kudai faini ya doti mbili za merikani, kwa kuwa mgeni amezika mfu katika ardhi yake bila ruhusa. Stanley akamjibu kwamba kama ni hivyo, atamfukua na kumwacha juu ya ardhi pale alipofia. Jumbe akafikiri kidogo, akaona bora farasi abaki chini.

Watu hukisimulia kisa hiki kwa kicheko juu ya jumbe. Mimi namwona jumbe alikuwa na hoja. Mtu amekuja na mnyama asiyejulikana, mnyama amekufa kwa ugonjwa usiojulikana, amefukiwa kando ya kijiji, na kesho msafara unaondoka. Harufu ingebaki kwa nani? Hata serikali za leo zina kanuni za kuzika mzoga wa mfugo aliyekufa kwa maradhi. Jumbe alidai nguo kwa sababu nguo ndiyo iliyokuwa sarafu yake. Swali lake lilikuwa la afya ya jamii.

Halafu ikaja vita ya 1914, na hapo farasi waliletwa kwa maelfu. Jenerali van Deventer, wa upande wa Waingereza, alipoongoza wapanda farasi wake kutoka upande wa Moshi hadi Kondoa Irangi mwaka 1916, wakati wa masika, njia nzima ilitapakaa mizoga. Wengine wakaletwa, nao wakafa. Jeshi liliendelea kuagiza farasi likijua kwamba kila shehena itadumu majuma machache tu katika ukanda wa mbung'o. Septemba mwaka uleule vikosi vya Jenerali Northey wa Uingereza viliingia Songea. Na kwa kuwa mnyama hakudumu, mzigo uliwekwa mahali ulipokuwa ukiwekwa siku zote: kichwani mwa mtu. Waafrika waliochukuliwa upagazi na Waingereza peke yao, kwa hiari na zaidi kwa nguvu, wanakadiriwa kufika milioni moja katika vita vyote, na vifo vyao kwa hesabu rasmi vinakaribia laki moja. Soko la Kariakoo limesimama palipokuwa kambi yao. Huku kwetu, ambako vita ilipita mara mbili, maana kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, aliuvuka Ruvuma kwenda Msumbiji Novemba 1917 akarudi kupitia Ungoni mwaka uliofuata, sijui familia ya zamani ambayo haikutoa mtu wa kubeba.

Farasi alipokufa alihesabiwa hasara, akaandikwa katika daftari la jeshi. Mpagazi alipokufa mara nyingi hata jina lake halikujulikana. Naliandika hili bila hasira kwa farasi, ambaye hakuomba kuja.

Baada ya historia ya namna hiyo ningeweza kuishia hapa na kumwambia kijana wangu aachane na farasi. Lakini nimewahi kulala nao, na usiku ule haukunifundisha hivyo.

Ilikuwa Naivasha, nchini Kenya. Ziwa lile liko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, baridi ya usiku ni ya Mbinga kabisa, na farasi wamekaa nyanda zile tangu enzi za walowezi. Kundi letu la waandishi lilialikwa matembezi ya siku chache, tukalala kwenye mahema chini ya migunga ya manjano, ziwa likiwa mbele. Nilikuwa mpandaji wa hovyo. Nilimkalia mnyama kama gunia lililosahauliwa, na nadhani alinivumilia kwa sababu alikuwa mzee.

Wenzangu wanakumbuka pundamilia na twiga tuliopita katikati yao bila wao kukimbia, kwa kuwa mnyama wa porini akimwona farasi haoni mtu juu yake, au anamwona na hajali. Mimi nakumbuka saisi, mtunza farasi wetu. Tulipofika kambini sisi tulikwenda kwenye viti na vinywaji. Yeye alikwenda kwa farasi. Akawavua matandiko, akapitisha kiganja mgongoni kutafuta joto au uvimbe, akainua mguu mmoja mmoja na kuchokoa mawe kwenye kwato kwa kipande cha chuma kilichopinda. Akawanywesha, na farasi mmoja peke yake siku ya jua hunywa ndoo mbili, tatu, hata zaidi. Akawapa majani makavu, ambayo kila mmoja anahitaji kama kilo kumi kwa siku, na yote yalikuwa yameletwa mapema kwa gari. Kisha akawafunga kwenye kamba ndefu iliyokazwa kati ya miti miwili, juu ya kimo cha mtu, ili mnyama aweze kugeuka na kuinamia chakula bila mguu kunaswa. Nje ya hapo palikuwa na waya wa umeme kwa ajili ya viboko, wanaotoka ziwani usiku kuja kula nyasi. Akamaliza yote hayo ndipo akasonga ugali wake.

Usiku nilishindwa kulala, nikatoka, nikamkuta amejifunika blanketi kando ya moto.

"Hulali, kaka?" nikamuuliza.

"Nalala farasi wakilala, bwana."

"Na farasi hulala saa ngapi?"

"Wakitaka."

Tukakaa. Akanieleza kwamba farasi husinzia wima, kwa kuwa viungo vya miguu yake hujifunga vikambeba bila misuli kuchoka, lakini usingizi wenyewe, ule wa ndoto, haupati mpaka alale chini. Kila siku anauhitaji kidogo. Naye halali chini mpaka awe na hakika na mahali alipo. Wakiwa kundi, mmoja hubaki amesimama. Baada ya muda mrefu yule mzee niliyemkalia mchana alikunja magoti, akajilaza kwa mguno mkubwa kama wa babu anayekaa kwenye kigoda, na saisi akanigusa mkono nisisogee. Kwa dakika kadhaa farasi alikuwa amelala kweli, masikio yakicheza. Kisha akainuka, akajitikisa, mwingine akashuka.

Nafikiri ile ndiyo heshima kubwa ambayo mnyama anaweza kukupa: kulala akiwa na uhakika kwamba wewe umekesha. Na hakunipa mimi. Alimpa mtu ambaye jina lake halikuwa kwenye karatasi ya ratiba tuliyogawiwa.

Kuna mahali ambako jambo hili la kukesha limepangwa vingine. Marekani, kati ya majimbo ya Kentucky na Tennessee, kuna eneo linaloitwa Land Between the Lakes, ulimi wa nchi kati ya maziwa mawili yaliyotokana na kuzibwa kwa mito ya Tennessee na Cumberland. Ndani yake kuna kambi ya Wranglers, iliyotengwa kwa wenye farasi, yenye vibanda na zaidi ya kilomita 100 za njia za kwato. Huko mwenye farasi huja na mnyama wake kwenye tela, na ni yeye mwenyewe anayemnywesha, anayezoa samadi na anayeamka usiku akisikia kamba imelia. Na kanuni za kupiga kambi na farasi kwenye misitu ya umma ya nchi ile zimejaa busara ya aina hiyo. Usimfunge mnyama kwenye mti moja kwa moja, maana atakwangua gome na mti utakufa. Mfunge mbali na maji, mara nyingi kiasi cha mita sitini, ili mkojo na samadi visiingie ziwani. Sehemu nyingine hukutaka uje na majani yaliyokaguliwa, yasiyo na mbegu za magugu, kwa sababu farasi mmoja kwa samadi yake anaweza kupanda porini gugu ambalo halikuwako.

Ningependa kuishia kwenye sifa hizo, ila eneo lile lina makaburi. Serikali ya Rais Kennedy ilipolitangaza mwaka 1963 kuwa mahali pa mapumziko, familia zilizokuwa zikiishi humo ziliondolewa, nyingi bila kupenda. Nyumba zikabomolewa. Makaburi yalibaki, na wazao hurudi kuyafagia, wakipishana njiani na watu waliokuja kustarehe na farasi.

Sisi tunaijua habari hiyo kwa lugha yetu. Miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa sehemu kubwa ya Liwale kwa sababu ya malale, ugonjwa ambao pia huletwa na mbung'o, na nchi waliyoiacha ikaunganishwa na Selous. Mdudu yuleyule aliyewaua farasi wa van Deventer akawa sababu ya kuhamisha watu, na kuhama kwa watu kukawatanulia tembo nafasi. Leo tunajivunia ushoroba wa Selous hadi Niassa unaopita Namtumbo na Tunduru, na Pori la Akiba la Liparamba kule Nyasa. Ni haki kujivunia. Lakini mbung'o ndiye aliyelinda mapori hayo muda mrefu kuliko askari yeyote wa wanyamapori, na hakuwauliza wenyeji.

Narudi sasa kwenye mchanga wa Mbamba Bay. Upande wetu wa Nyasa hauna hifadhi ya taifa iliyo kando ya ziwa, kama ilivyo Gombe na Mahale kwa Tanganyika au Rubondo kwa Victoria. Malawi wameitenga yao tangu 1980, kule Cape Maclear. Hatuna uzio, hatuna lango la kulipia. Wengine huona hilo ni upungufu, lakini mimi naona ndiko kuliko na utajiri wenyewe, kwa sababu mchanga ule una kazi. Asubuhi mitumbwi inaingia. Wanawake wanasubiri na beseni. Usipa wanatandazwa kwenye vichanja au juu ya mchanga safi, na siku ya jua kali harufu yake inakupokea kabla hujaliona ziwa. Watoto wanaoga, vyombo vinaoshwa, mtu anashona nyavu chini ya mwembe. Mito inapoingia ziwani, Ruhuhu hasa, mamba wapo, na kila mtu wa Lituhi anajua pa kuchota maji na pa kutochota. Njia za miguu zinafuata ufuko kijiji hadi kijiji.

Farasi kumi wakipita hapo kila asubuhi watapita juu ya kazi ya mtu. Haisaidii kusema watapita pembeni, maana ufuko hauna pembeni. Na siku mwekezaji atakapoona samaki waliotandazwa wanaharibu picha, najua ni kitu gani kitaambiwa kihame.

Hata hivyo simkatai farasi. Barabara ya lami sasa inashuka kutoka Songea kupitia Mbinga hadi ziwani, na huko juu Umatengo, kwenye mashamba ya ngolo na kahawa, kuna baridi na upepo ambao usubi na mbung'o hawaupendi. Kama farasi watakuja Ruvuma, makao yao yangekuwa huko milimani, washuke ziwani mchana na kupanda kabla ya jioni, au wawe na banda la kweli ufukweni, lenye wavu na mtu. Kande wameweza kwenye ufuko kwa sababu wamelipia gharama ya kila siku, chanjo, dawa, majani, macho ya watu. Atakayekuja kwetu akidai anaweza kwa bei rahisi anadanganya, na atakayelipa tofauti ya bei ni mnyama kwanza, kisha mtunzaji. Mgeni asiyeweza gharama hiyo tumwambie bila aibu kwamba nchi hii ilitembelewa kwa miguu na kila aliyefika salama, na vijana wa Liuli wanaijua njia.

Kwa hiyo ninaomba jambo moja kwa madiwani wa Nyasa, na kwa serikali za vijiji ambazo ndizo zenye ufuko. Siku barua ya maombi ya kambi ya farasi itakapofika mezani, msianze na idadi ya watalii wala picha za machweo. Ulizeni banda litajengwa wapi na farasi wataingia saa ngapi. Ulizeni mzoga utazikwa wapi, kama alivyouliza jumbe wa Kingaru. Ulizeni wanawake wa usipa wataanika wapi, na jibu liwe mahali walipo sasa. Kisha ulizeni nani atakesha. Jina lake liandikwe kwenye mkataba, na mshahara wake uandikwe mbele ya jina.